Bia Nyekundu ya Posa Yangu

Baba yangu alikuwa ameshaziua posa zangu mbili, na mara zote lawama ilibebeshwa pombe. Mara ya kwanza aliwaambia wageni waliotoka Mbulu kwamba kijana wao ana shingo ya kuku aliyenyeshewa. Mara ya pili alimwimbia mshenga matusi mpaka yule bwana akaondoka bila kofia yake. Kesho yake baba huamka, hushika kichwa, husema, "Mwanangu, pombe mbaya hii." Ukoo mzima unamwonea huruma yeye. Mimi nionewe huruma na nani?

Kwa hiyo alipojitokeza mwalimu mmoja wa Endulen, kule ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, mwanamume mpole anayenipenda bila makelele, niliapa. Safari hii pombe ya wazee naipika mimi mwenyewe, na haitamlewesha hata kifaranga. Kuwanyima kabisa isingewezekana. Kwetu Kansay ukiwakalisha wazee wa posa mbele ya soda, umewatukana.

Ujuzi niliupata kwenye lodge ninayofanyia kazi, pale Karatu mjini. Alikuja mgeni mmoja, mzee wa Kizungu mwenye kitambi, ambaye simba na kreta ya Ngorongoro havikumshughulisha kabisa. Yeye alikuwa na habari moja tu, bia anayojipikia nyumbani kwake: nyekundu, nzito mdomoni, lakini kilevi chake kidogo sana, maana daktari alishamkataza ile kali. Nilimuuliza maswali mpaka akakosa game drive ya asubuhi, ile safari ya kutazama wanyama. Aliondoka ameniachia pakiti ya hopsi, yale maua makavu machungu yanayoipa bia ukali wake.

Kimea nilitumia cha mtama, kidogo kuliko kawaida. Sehemu yake niliikaanga kwenye kikaango kikavu mpaka ikanukia kama mkate na ikapata rangi ya udongo wetu. Halafu nikailoweka yote kwenye maji ya moto kupita yale tuliyozoea. Mgeni alinieleza kwamba ukizidisha moto, sukari nyingi inabaki nzito, hamira inashindwa kuila, na bia inakuwa na ladha bila kupanda kichwani. Nikachuja, nikachemsha na hopsi, nikaacha ipoe, nikatia hamira na kufunika ndoo.

Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye pombe yake ya kimea inajulikana vijiji vyote vya jirani, alikuja kukagua. Akainusa. Akaonja. Akaonja tena.

"Tamu," akasema. "Sasa pombe yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, shangazi."

"Hii? Mnh! Hii ni uji umevaa suti."

Lakini nilipomweleza sababu alicheka mpaka akakaa chini, akaahidi kufunga mdomo.

Siku ikafika. Wageni wakaja na mashuka yao mekundu na fimbo zao, wakiongozwa na mshenga, baba mdogo wa yule mwalimu, mzee mwenye sauti ndogo. Nikamimina. Baba akapiga funda la kwanza, akafuta midomo, akatikisa kichwa. "Aisee, hii kali!"

Shangazi akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Kikombe cha pili baba akaanza kuyumba. Cha tatu ulimi ukawa mzito. Cha nne akasimama, akashika ukuta, akaanza, "Nyinyi huko Endulen hata kupanda mahindi hamruhusiwi! Binti yangu atakula nini? Atagombania majani na nyumbu?"

Jamani! Bia ile niliipika kwa mikono yangu, nilijua kilichomo na kisichokuwamo. Nikamshika mkono, nikamkokota hadi jikoni.

"Baba, hiyo bia hailevyi mtu."

Akaacha kuyumba palepale, kama redio iliyozimwa.

"Hata kidogo?"

"Ungekunywa ndoo nzima ungeishia chooni tu. Na zile posa nyingine?"

Akakaa kwenye kigoda. "Siku zile pia sikuwa nimelewa sana."

"Kwa nini, baba? Umenizeesha!"

"Ningekataa kwa sababu gani nikiwa na akili zangu? Vijana wote walikuwa wazuri." Akafuta macho kwa kitambaa cha kushikia sufuria. "Tangu mama yako atutoke, wewe ndiye unayenijibu humu ndani. Sitaki uende. Basi, nimesema."

Nilimkasirikia na nilimhurumia kwa pamoja, sikujua nianze na lipi. Nikamwambia nampenda yule mwalimu na nitaenda. Nikamwambia pia kwamba kuondoka bila baraka zake kutaniuma maisha yangu yote.

Baba aliinuka, akatembea wima hadi sebuleni, masizi ya kile kitambaa yamempaka pua yote.

"Wazee, mnisamehe," akasema. "Sikuwa nimelewa."

"Tunajua, mzee," akajibu mshenga taratibu. "Na sisi tumeinywa hiyohiyo."

Shangazi akaangua kicheko na kukimbilia nje. Baba akasubiri kitulie, kisha akamgeukia mshenga.

"Huko kwenu asubuhi kuna baridi. Huyu vidole vyake hufa ganzi, tangu mdogo. Asikamue ng'ombe kabla jua halijatoka."

"Hatakamua."

"Na akinuna, msimwulize ana nini. Mpeni chai, mumwache. Atasema mwenyewe."

"Tumesikia, baba."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi. Nililiweka chini, nikalia mbele ya wageni wote.