Mumeza-Sauti wa bondeni

Ilianza Jumanne, saa kumi na moja ya mangaribi. Ukungu ulishuka juu ya malisho yetu, karibu na Nyamitaba, na ngombe mwekundu akakosekana. Ni yeye anayenyonyesha nyumba yetu, maana kifua cha Mama kimekauka na mutoto wetu mudogo anaishi kwa maziwa yake. Mama alitangulia bondeni kumutafuta. Mimi nikafuata na kamba.

Kaka yangu, aliyekuwa anafunga ndama, akanichekelea: "Angalia, Mumeza-Sauti asikukamate! Ao alishakukamata zamani, maana wewe hausemake."

Kwetu kila mutoto anamujua Mumeza-Sauti. Anakuja na ukungu. Hana miguu, ngozi yake inateleza kama ya chura. Anaazima sauti ya muntu unayemupenda, anakuita. Ukiitika, anameza sauti yako, unabaki unafungua mudomo bure. Lakini anaita mara mbili tu; ya tatu maji yanamujaa kwa koo. Kwa hiyo ukiitwa ndani ya ukungu, unangoja ya tatu. Mama mwenyewe alinifundisha. Na mimi, kila mwalimu akiniuliza kitu nikashindwa kujibu, ninawaza labda nusu ya sauti yangu alishaichukua.

Nilipofika karibu na matete nikasikia: "Weee, mutoto wangu! Leta kamba!"

Sauti ya Mama. Nikasimama.

"Leta kamba, ninazama!"

Nikangoja ya tatu. Haikuja. Maji tu yalikuwa yanadondoka kwenye matete. Nikajikojolea kidogo. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kama ni yeye, nikiitika nimekwisha. Kama ni Mama, matope yanamumeza na mimi nimesimama hapa na kamba mukononi.

Nikawaza: yeye anameza maneno. Muluzi si neno. Lakini kwetu musichana hapigi muluzi. Siku moja Mama alinipiga kofi kwa mudomo sababu ya hiyo. Nikatia vidole kinywani, nikapiga kama wachungaji.

Kisha muluzi mwingine ukajibu, mwembamba, wenye pumzi nyingi kuliko sauti.

Nikakimbia. Mama alikuwa ndani ya matope mpaka kiunoni, ameshika pembe ya ngombe. Nikamutupia kamba, nikazungusha upande wangu kwenye kisiki. Kaka alisikia miluzi, akaja mbio, tukavuta mpaka wote wawili wakatoka.

"Mama, mbona haukuita mara ya tatu?"

"Niliita, hakuna muntu anaitika. Nikasikia kitu kinapumua huko juu. Nikasema basi, njo yeye Mumeza-Sauti, iko ananingojea."

Ni mimi niliyekuwa ninapumua.

"Nani alipiga muluzi?" kaka akauliza.

"Ni mimi," Mama akasema, akafunga kitenge chake.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado. Mama alikamua yule mwekundu, mutoto akakunywa. Kisha akanituma nikalete kamba, tuliiacha kwenye kisiki. Nilisimama pale pale pa jana, nikapiga muluzi, nikasikiliza. Hakuna kilichojibu. Nikafungua kamba haraka, nikakimbia mpaka nyumbani bila kugeuka nyuma.