Siku Eustadia Alipofunga Mlango wa Wali

Eustadia Lugembe Kasanda wa Ntalikwa ni mjukuu wa Kasanda, aliyebeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi pwani akarudi mzima, na wenziwe wengi wakabaki wamezikwa njiani. Ni binti wa Lugembe, ambaye mwaka wa kura tatu, enzi za mkoloni, alinyimwa kura kwa kukosa shule na kipato, akavaa nguo zake za kanisani na kusimama kutwa ng'ambo ya barabara awatazame waliopiga. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfichua mchezea mizani katika chama chetu cha ushirika cha tumbaku, mwanamume mzito mwenye ndugu wengi. Nayataja hayo mapema msije mkadhani ujasiri wake ulianza juzi.

Katika uchaguzi ule wa rais uliozua ugomvi, Eustadia alikuwa wakala wa chama kimojawapo cha siasa kwenye kituo cha kura cha huku kwetu. Chama gani, haidhuru. Angekuwa wa kile kingine angefanya yaleyale. Msimamizi wa kituo alikuwa Mwalimu Abdulatifu, mstaafu wa shule ya Chemchem, Mzaramo aliyekuja Tabora kijana na hakuondoka tena. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu zama za misafara, na hawa wawili walikuwa wakikutana sokoni watu wanaacha kununua.

"Mpagazi! Mzigo uko wapi leo?" Mwalimu huita.

"Nimekuja kukubeba wewe, mcheza ngoma. Miguu yako inajua kucheza tu, kutembea haijui."

Basi jioni ile, kura za urais zilipotaka kuhesabiwa, waliingia watu wawili tusiowajua. Wakasema mawakala watoke nje kwa ajili ya usalama. Mwalimu akafunga mlango. Ulipofunguliwa, matokeo yalikuwa tayari, mawakala wakasomewa pale uani. Eustadia hakusema nani kaibiwa. Alisema hivi tu: "Sikuona. Na mimi nilitumwa kuona."

Neno hilo lilimponza. Mawakala wenzake walikana, wakasema walitoka kupunga upepo. Kanisani wanawake waliokaa naye benchi moja miaka na miaka wakaanza kusogea pembeni. Mzushi, wakamwita. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuna aliyemshika kwa uongo, leo jina lake linachezewa kisimani.

Ikasikika kwamba kamati ya kukusanya maoni juu ya sheria za uchaguzi itafika mjini. Eustadia akajua akisimama peke yake ataonekana mtu wa upande ulioshindwa anayelia. Alimhitaji aliyekuwa ndani. Akamwendea Mwalimu.

"Eustadia," Mwalimu akasema, "nina mtoto kazini serikalini. Niache."

Hakumwita mpagazi. Aliniambia hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kuitwa jina lake na mtani wake. Tangu siku hiyo wakawa wanapishana kimya.

Kisha Zuwena, dada yake Mwalimu, akafariki. Siku ya hitma watu walijaa, na Eustadia akaja kama ilivyo haki ya mtani msibani. Tukamwona anaingia moja kwa moja chumba cha sufuria, anamnyang'anya mwiko Anifa, binti mkubwa wa Mwalimu aliyekuwa akipakua, na kuwasukumia nje wapishi wote.

"Wasimamizi wa wali, tokeni! Kwa ajili ya usalama!"

Akafunga mlango. Watu wakaanza kucheka. Akachungulia dirishani, mwiko mkononi.

"Kaeni hapohapo, Wazaramo. Chakula kinagawiwa huku ndani. Tukimaliza tutawatangazia kwamba mmeshiba."

"Weee mpagazi, tutashibaje bila kula?" mzee mmoja akapiga kelele.

"Unabisha? Ukishatangaziwa umeshiba, hakuna pa kushtaki!"

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Halafu kicheko kikafifia polepole, maana kila mtu alikuwa ameshaelewa, na macho yakamgeukia Mwalimu. Mtani hakasirikiwi msibani. Anayekasirika amejivunjia heshima mwenyewe. Mwalimu aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akasema kwa sauti tuliyoisikia sote:

"Fungua, mpagazi. Walitolewa. Mimi ndiye niliyefunga, na niliogopa."

Mlango ukafunguliwa. Eustadia alikuwa analia. Akampakulia yeye wa kwanza, sahani ikafurika.

Mbele ya kamati walisimama wote wawili. Mwalimu akaeleza alichokifanya. Eustadia naye akasema: "Mbunge ukimtilia shaka, unakwenda mahakamani. Rais akishatangazwa, hakuna hakimu wa kuuliza kura zake zimehesabiwaje. Siwaombi mshindi wangu. Naomba wakala akae ndani mpaka mwisho, mwenye shaka apate hakimu, na mwamuzi asiteuliwe na mmoja wa wachezaji." Ukumbi ukapiga makofi, hata waliomwita mzushi. Mimi nilikuwepo, na mikono yangu iliwaka.

Kamati iliandika ikaondoka. Sheria tunaisubiri bado. Lakini jina lake amelirudisha, na mtoto wa Mwalimu yuko kazini mpaka leo.

Sasa miguu ya Eustadia imevimba, hawezi tena kukaa kituoni kutwa. Wiki iliyopita alimwita Anifa.

"Uchaguzi ujao wakala ni wewe."

"Mama, mimi Mzaramo nibebe mzigo wa Kinyamwezi?"

"Uubebe, uujue uzito wake. Na usingoje siku yenyewe. Anza na kijiji cha Choma. Kuna wanawake wanapewa uwakala asubuhi ya kupiga kura, hawajui kwamba chumba kile ni chao pia. Wafundishe mmoja mmoja. Wakiambiwa watoke kwa ajili ya usalama, waulize ni usalama wa nani, halafu wakae."

Anifa akamwinamia. "Nitakwenda, mama."

"Nenda Jumatatu," akasema Eustadia.