Kahawa ya Mama Kokushubira

Najifunza kupima moyo kwa dawa yenye mionzi, mbali na kwetu Hamugembe. Dawa huandaliwa kwa ajili ya mgonjwa wa siku hiyo, na ikilala haifai tena.

Mama Kokushubira alitoka Kagoma, upande wa kwetu, moyo ukimsumbua. Nilikuwa nimemwonya kwa simu asinywe kahawa, maana ingeharibu kipimo. Alipofika tulisalimiana Kihaya, akafungua kitambaa, akanipa punje za kahawa za kutafuna, kama tunavyokaribishana nyumbani. Mkono wa mama haukataliwi. Tukatafuna wote, mimi msomi nikisifia harufu ya kahawa hizo.

Daktari akaingia na sindano ya ile dawa. "Mama, hukunywa kahawa?"

"Sijanywa, baba. Nimetafuna tu na huyu mwanangu."

Daktari akanigeukia. Punje zilikuwa bado mdomoni, nisijue niteme au nimeze.