Nyanya Zilizougua Ukweni Uyole

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ya sabini hiyo, nimeolewa juzijuzi kutoka Kalenga kwetu Uheheni kuja huku Uyole kwa Wanyakyusa. Nyanya zangu zikaota mabaka ya njano, majani yakajikunja. Na mbegu nilikuja nazo mimi, zawadi ya mama.

Mama mkwe akasimama katikati ya shamba, mikono kiunoni, kasauti kama filimbi: “Kametuletea salamu zake za kamwene na ugonjwa wake! Zisipopona, karudi kwao!”

Nina mimba changa, nirudi vipi?

Akaja bwana shamba na pikipiki kutoka kituo cha utafiti, kijana wa kuongelea puani: “Tusihukumu, mama. Huenda ni kirusi.” Akachuma majani, akaomba na mbegu zilizobaki akazipande. Majani atayaponda, maji yake ayapake kwenye miche ya tumbaku, aone kama itatoa madoa. Mimi nikasema moyoni, makubwa, kesi yangu inaamuliwa na tumbaku!

Kungoja huko, jamani! Ugali naunguza. Pikipiki ikilia barabarani nakimbia, kumbe mpita njia. Nguo nazifunga kwenye khanga, nazifungua, nazifunga tena.

Akarudi. “Mbegu za binti zimeota safi, ila tumbaku imetoa madoa. Huu ni ugonjwa wa tumbaku, unatembea na mikono iliyoshika tumbaku. Hapa nani anayenyofoa machipukizi ya nyanya?”



Mimi namjua. Baba mkwe, kila jioni, vidole vimejaa ugoro. Lakini kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hata jina hamtaji. Akipita, unajibanza migombani. Huko migombani ndiko nilikokuwa nasikia chafya zake shambani. Na siku hiyo pia nilikuwa humo humo, nasikiliza; ningesemaje?

Ndipo bibi kizee, mama yake baba mkwe, meno hana, akamgeukia mwanawe: “We! Nyani haoni kundule. Unanusa, unanyofoa, unanusa, unanyofoa, halafu mtoto wa watu ndo afungashe?”

Baba mkwe akapiga chafya. Hee! Nilicheka mpaka nikajibana mdomo na khanga. Mama mkwe aliinama akaanza kung'oa miche mibovu.

Sasa wewe mjukuu wangu, bwana shamba mpya, unakuja na maringo yako ya mjini, “Bibi, siku hizi mashine inasoma vinasaba vya kirusi, inakitaja kwa jina.” Vizuri, mwanangu, isome. Ila mashine itakutajia kirusi, mkono uliokileta haitakutajia. Ukiingia shamba la watu, usikimbilie kumlaumu mgeni. Mbuzi wa maskini hazai mapacha, na mgeni naye hakosi lawama. Chukua jani, ngoja jibu, halafu kagua mikono ya wote, ukianza na mkubwa wa nyumba. Na asiyeruhusiwa kusema, mtafutie wa kumsemea.

Haya nenda, gari lisikuache. Mungu akupe kifua cha kungoja na ulimi usiotangulia macho. Ulichopanda kikukubali, na popote utakapoitwa mgeni, asikose mmoja wa kukutetea.