Chipu Tisa Juu ya Banda la Kuku

Jumamosi iliyopita, saa nane mchana, huko Gatuanyaga, marehemu alizungumza kwenye runinga. Watu ishirini na kitu walimsikia.

Hakutoa salamu. Alitoa amri.

Naandika haya nikiwa nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni ule wa mtu aliyechimba shimo mwenyewe, akaanguka mwenyewe, akalifukia mwenyewe, halafu akaambiwa asante.

Naitwa Mwas. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu katika shule fulani ya bweni karibu na Thika. Jina la shule sitalitaja, kwa heshima yake na kwa usalama wangu.

Mwalimu wa klabu yetu ya kompyuta, Madam Akoth, alituletea mashine ya gemu ya zamani. Zile za kuchomeka kaseti kubwa ya plastiki, ambazo wazazi wetu walichezea wakakatazwa.

Akasema, "Kucheza, hapana. Andikeni gemu yenu wenyewe."

Tukaandika. Mwanafunzi anatoroka bwenini, anamkwepa diputi, yaani naibu wa mwalimu mkuu, anavuka mto na mashamba ya mananasi hadi nyumbani. Akifika, mlango unafunguka na sauti inasikika.

Sauti hiyo ilikuwa ya susu wa Kiilu.

Kiilu ni jirani yangu wa dawati. Kwao ni Gatuanyaga, na susu ndilo jina wanalomwita nyanya yao. Huyu susu ndiye aliyemlea. Alifariki Agosti ya mwaka jana, na kilichobaki cha sauti yake kilikuwa sekunde mbili ndani ya simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe. Tulizihamisha hadi kompyuta ya klabu, nikaziingiza kwenye gemu, na gemu nikaiandika kwenye chipu ya kaseti.

Maneno yalikuwa ya Kikamba. Sikuyaelewa. Kwa jinsi yalivyovutwa mwishoni, niliamini ni baraka.

Sasa, ndugu msomaji, vumilia somo fupi.

Kaseti ya kawaida ina kumbukumbu ndogo kupita kiasi. Picha moja ya simu yako ingeijaza na kumwagika. Na hakuna kinachokula kumbukumbu kama sauti. Susu peke yake alikuwa amechukua nafasi ya mashamba mawili ya mananasi.

Hapo ndipo shetani akanikumbusha kikohozi cha Bwana Dismas.

Bwana Dismas ni diputi wetu. Kabla ya kuingia popote hukohoa mara mbili, kavu, kama mtu anayevunja kuni. Kikohozi hicho kikisikika, aliyelala anaamka na aliyekaa anasimama. Alipokuja kukagua klabu, nilikuwa nimewasha maikrofoni ya kompyuta.

Nikakipata. Safi kabisa.

Lakini kaseti ilikuwa imejaa. Kikohozi na susu havingeweza kukaa pamoja.

Nikaweka kikohozi mahali pa susu. Faili ileile, jina lilelile, nikabonyeza hifadhi. Nakala sikuacha kwenye kompyuta. Kiilu sikumwambia.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa wazazi. Nikacheza gemu hadi mwisho. Mlango wa nyumba ukafunguka, na spika mbili kubwa za kanisa zikakohoa.

Kidato cha tatu chote kikasimama wima. Mpishi akaficha mkate nyuma ya aproni. Bwana Dismas mwenyewe, Mungu ni shahidi, aligeuka kuangalia ni nani anakuja.

Nilitumwa nyumbani siku nne kabla ya wenzangu kufunga.

Madam Akoth alinisindikiza hadi geti, akanikabidhi ile mashine. "Rekebisha," akasema. "Kama ungekuwa mjinga, Mwas, mimi ningekuwa nalala vizuri."

Kwetu ni Ruiru, kwa nyanya yangu, ambaye sisi tunamwita Cucu. Na hapo ningekuambia kwamba nilijuta, lakini tusidanganyane. Nilikaa nikawaza jinsi ya kupanua kumbukumbu ya kaseti ili iingie vikohozi vingi zaidi. Cha asubuhi. Cha jioni. Cha hasira.

Nikamwendea Eddie, fundi wa redio na TV pale Ruiru.

"Inawezekana," Eddie alisema bila kuinua macho. "Lakini hiyo mashine yako ni kama dawati dogo. Inaona ukurasa mmoja tu. Ukiiongezea daftari, lazima uweke mtu wa kuigeuzia kurasa."

"Mtu gani?"

"Chipu ndogo, buda. Kazi yake ni kugeuza tu. Halafu utafute chipu kubwa za kumbukumbu, za zamani, zile zina kidirisha cha kioo mgongoni."

Hizo nikazipata Eneo la Viwanda Thika, kwa Kilonzo wa vyuma chakavu, zikiwa ndani ya mashine zilizostaafu. Chipu nane. Zote zilikuwa na mambo ya kiwanda, kwa hiyo zilipaswa kufutwa kwanza. Chipu za aina hiyo hufutwa kwa mwanga mkali unaopita kwenye kile kidirisha.

"Taa yangu ya kufutia iliungua," Eddie akasema. "Anika kwa jua. Bandua stika, kioo kiangalie juu, wiki moja ya jua kali. Jua ni bure."

Bure, ndiyo. Lakini hii ilikuwa Agosti, na hii ilikuwa Ruiru.

Nikazipanga juu ya mabati ya banda la kuku, ambalo paa lake ni fupi. Chipu nane za Kilonzo. Halafu nikaona ile chipu yangu ya kwanza, niliyoitoa kwenye kaseti ili niweke ya kikohozi, yenye gemu ya zamani, ile ya susu. Stika yake nilikuwa nimeiandika kwa biki: GEMU 1.

Nikabandua ile stika. Nikaiweka ya tisa.

Hata sikusita. Hilo ndilo linanichosha hadi leo.

Jua lilikuwa limesimamishwa shule kama mimi. Wiki ya kwanza, ukungu. Wiki ya pili, wingu la rangi ya sufuria. Kila asubuhi natoka na sweta mbili, naangalia juu, narudi ndani. Dada yangu Wangeci alinipita na ndoo akasema, "Mganga, mvua itanyesha lini?"

Cucu naye aliuliza kila siku, "Vitu vyako bado havijakauka?"

"Bado, Cucu."

Sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Wiki ya tatu, Jumatano, jua likatoka. Likatoka kwa hasira, kama linalipa siku zote lilizokosa. Mimi nikaenda Thika kwa Kilonzo kutafuta kipande cha kuunganishia. Nilikuwa nimeinama kwenye rundo la vyuma, shati limelowa, simu ikalia.

"Niaje, Mwas." Alikuwa Kiilu.

"Poa. Huko Gatuanyaga aje?"

"Vumbi tu. Skiza. Ile kabambe iliangukia maji ya mbuzi. Imekufa kabisa."

"Pole, buda. Ilikuwa mzee."

"Sauti ya susu ilikuwa ndani."

Kilonzo alikuwa akigonga kitu kwa nyundo. Niliomba aendelee kugonga.

"Jumamosi tunamkumbuka, mwaka umeisha," Kiilu akaendelea. "Mama ameuliza kama atamskia. Nimemwambia susu yuko kwa gemu ya Mwas." Akapumua. "Yuko, sivyo?"

Hapo mtu mwema angesema ukweli.

"Yuko," nikasema.

"Sawa basi. Jumamosi."

Simu ikakatika. Nikatazama juu. Jua halikuwa na wingu hata moja.

Sijui nilifikaje Ruiru. Najua tu kwamba kutoka steji ya matatu hadi kwetu nilikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Nikafika kwenye banda la kuku nikihema kama mbwa.

Chipu tisa zilikuwa pale pale. Lakini zilikuwa zimelala chali, miguu juu, kama mende waliopigwa dawa. Vidirisha vyote vilikuwa vinaangalia mabati.

"Wangeci!" nikapiga kelele. "Nani amegusa vitu vyangu?"

Wangeci akatoa kichwa dirishani. "Mimi? Niguse wadudu wako?"

Nyuma ya banda Cucu alikuwa ameketi kwenye kigoda, anapukuchua mahindi.

"Ni mimi," akasema. "Navigeuza."

"Unavigeuza?"

"Kila siku. Asubuhi nikilisha kuku, navilaza hivyo. Jioni navirudisha ulivyoviacha."

"Cucu, kwa nini?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayegundua kwamba karo yote ile ilipotea bure. "Kai! Kuanika bila kugeuza? Si vitaoza upande wa chini? Huko shuleni hawawafundishi kitu?"

Nikakaa chini kwenye mavi ya kuku. Nilijua ni mavi ya kuku. Nikakaa.

"Sasa huyu analia nini?" Cucu akamuuliza Wangeci.

Lakini hadithi haikuishia hapo, kwa sababu Cucu alianza kugeuza siku gani, hakukumbuka. Na bila stika, chipu tisa zilifanana kama mapacha tisa. Nikazikusanya ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo, nikazifunika na kitambaa cheusi, nikampelekea Eddie.

Akaingiza ya kwanza kwenye mashine yake ya kusoma. Skrini ikajaa herufi F, mstari baada ya mstari. Kwa lugha ya chipu, F nyingi hivyo maana yake ni moja: tupu.

Ya pili, F.

Ya tatu ilibakiza mambo ya kiwanda kidogo. Ya nne, F. Ya tano, F.

"Hizi ziliiva," Eddie akasema kwa furaha. "Si ndiyo ulitaka?"

Nikampa nyingine. Ya sita, F. Ya saba, kiwanda.

Ya nane ilipoingia, katikati ya takataka ya namba, kukatokea maneno mawili niliyoyaandika mwenyewe mwezi wa tano: RUDI NYUMBANI.

"Simama hapo," nikasema. "Eddie, tafadhali. Nakili. Nakili mara tatu."

Sauti ilikuwepo, lakini jua lilikuwa limeionja. Kulikuwa na mchakacho, kama mtu anayeongea huku akikanyaga majani makavu. Eddie aliisikiliza mara mbili, akazima redio zote za kibandani, akaisikiliza tena.

"Ni nani?" akauliza.

Nikamwambia. Hakunitania. Alivuta kiti cha pili, akawasha chuma cha kulehemu.

Alhamisi na Ijumaa tulilehemu. Chipu nne tupu zikapandishwa kwenye ubao mmoja, na ile ndogo ya kugeuza kurasa ikakaa katikati yao kama kiranja. Vidirisha vyote tukavifunika kwa stika nyeusi, mbili mbili. Kaseti ilikataa kufunga, tukaizungushia utepe wa umeme ikafanana na mkate uliopigwa bandeji.

Susu alipata ukurasa wake mwenyewe. Kikohozi kikapata kona, kila diputi anapotokea. Kimoja tu. Vingine nilivyopanga niliviacha, na safari hii sikufuta kitu bila kuuliza kwanza ni cha nani.

Jumamosi, Gatuanyaga. Runinga ilikuwa sebuleni, milango wazi kwa sababu ya joto, watu wamekaa hadi kizingitini. Mama yake Kiilu, Mama Kanini, aliketi mbele kabisa, mikono mapajani.

Na hapo nikagundua upumbavu wangu wa mwisho. Sikuweka njia ya mkato. Ili susu aongee, lazima mtu amalize gemu.

Nikacheza. Diputi akakohoa, akanikamata.

"Huyu mzee ana kifua," mjomba wa Kiilu, Muoki, akasema. "Apewe dawa."

Nikacheza tena. Nikaanguka mtoni.

"Kijana, mbona unapita mtoni na daraja liko hapo?" Muoki akauliza. "Nyinyi ndio mnasomeshwa?"

Mara ya tatu nikaanguka tena. Kiilu akaninyang'anya kontrola. Akapita bweni, akapita diputi, akavuka daraja, akakata mashamba. Yule mwanafunzi mdogo wa vidoti akafika nyumbani. Mlango ukafunguka.

Majani makavu yakachakacha. Kisha susu akasema maneno yake.

Hakuna aliyesogea.

Halafu Mama Kanini akainuka, akapita katikati ya wageni, akaenda akafunga mlango. Akarudi akaketi. Ndipo akaanza kucheka, na kicheko kikageuka njiani, na wanawake wawili wakamshika mabega.

"Amesema nini?" nikamnong'oneza Kiilu.

"Funga mlango, kuku wataingia."

Chini ya meza kulikuwa na kuku tayari.

Baadaye tulikaa nje kwenye vumbi. Nikamwambia yote: kikohozi, faili, stika, banda. Nilisema haraka nisije nikatania.

"Najua," Kiilu akasema.

"Unajua nini?"

"Mwas, nilikuwa ukumbini. Nilikuwa nimekaa nangoja susu yangu, nikaskia Dismas."

Nilitafuta mahali pa kuweka uso wangu.

"Na bado ukanipigia ukauliza kama yuko?"

"Nilitaka kujua utasema nini." Akachora mstari ardhini kwa kijiti. "Ukasema yuko. Nikajiambia, basi ana siku tatu za kuhakikisha yuko."

Hakusema amenisamehe. Alisema nimalizie wali wangu, kuna watu wanangoja sahani.

Funzo, kwa wanaopenda funzo: chukua nakala. Na kabla ya kufuta kitu ili upate nafasi ya mzaha wako, uliza nani amekaa pale akingoja kukisikia.

Nyumbani nilijaribu kumweleza Cucu kwamba aliokoa sauti ya nyanya mwenzake. Alisikiliza hadi mwisho, akanikabidhi ungo wa mahindi.

"Anika," akasema. "Na ugeuze."