Mdungusi Usiofungwa Kitambaa

Khue hakuwa mpole hata kabla ya kufiwa na mumewe, kwa hiyo majirani wanaosema eti msiba ndio uliompa ulimi waache uongo. Alikuwa fundi cherehani katika uchochoro mmoja wa Saigon, na mteja aliyerudi kulalamika kwamba nguo inambana alijibiwa kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili: "Nguo haijakubana, dada. Wewe umeongezeka." Na bado walirudi, kwa sababu mkono wake ulikuwa safi.

Nyumba ilikuwa ya ukweni. Nyembamba kama zote za uchochoro ule, chumba kimoja kwa upana, ghorofa juu ya ghorofa, na katikati tundu la anga lililopanda kutoka sakafu ya chini hadi vioo vya paa, ili waliomo wasiishi gizani. Chini ya tundu hilo, karibu na cherehani yake, Khue aliweka mdungusi. Mjuzi atabisha, atasema huo ni wa ukoo wa mnyaa, maana ukiukwaruza unatoa utomvu mweupe unaochoma. Haya, abishe. Khue aliuleta ukiwa na urefu wa kidole, siku alipoingia pale bibi harusi, kwa sababu mama yake kule Ben Tre alikuwa nao uani na yeye hakutaka kuja mikono mitupu.

Mmea unaopata mwanga kutoka juu tu hukimbilia juu. Khue alilijua hilo, akaubana: chungu kidogo, maji kwa nadra, mizizi isipate pa kujinyoosha. Kila mwaka baada ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya wao, alitaka kuukata kichwa, na kila mwaka mumewe, Toan, alimzuia. Toan alikuwa dereva wa lori, mtu wa utani, naye alijiapiza kuuona ukigusa kioo.

"Utakuja kuangukia watu, bwana," Khue alimwambia.

"Mwache mwenzio apande. Wivu wa nini?"

"Mwenzangu? Kwani mimi nina miiba?"

"Muulize mteja yeyote."

Halafu Khue akienda sokoni, Toan aliumwagia maji ya kuoshea mchele. Khue alijua muda wote, maana udongo ulibaki na weupe, ila alinyamaza kwa sababu alimpenda. Ndivyo mdungusi ulivyopita ghorofa ya kwanza, ukapita ya pili, ukakaribia paa. Ndipo Toan akafa. Moyo ulisimama akiwa kwenye usukani, lori ameshaliegesha.

Kwao, mwenye nyumba akifa, mimea yake huambiwa. Hufungwa kitambaa cheupe cha msiba, nayo iomboleze pamoja na watu. Usipoifunga, wanasema, hunyauka ikamfuata. Khue ndiye aliyevikata vitambaa, kwa mkasi wake mwenyewe, akilia. Mlimau ukafungwa, bugenvilia ikafungwa, na shangazi mmoja aliyechanganyikiwa akaifunga hata okidi ya plastiki iliyokuwa juu ya friji. Khue alipoufikia mdungusi, mama mkwe wake, Bi Lanh, akamnyang'anya kitambaa mkononi.

"Huo usifungwe! Huo si wa mwanangu. Huo ni wako na miiba yako. Tangu uingie nao humu sijaona mjukuu, na sasa mwanangu naye sina."

Watu wote walisikia, na jeneza lipo pale pale. Khue aliumia, aliumia sana, lakini siku ile hakuwa na nguvu ya kujibu. Tri, mdogo wake Toan, akacheka kidogo.

"Uacheni unyauke wenyewe," alisema. "Tutaepuka kazi ya msumeno."

Thubutu! Mlimau pamoja na kitambaa chake ulipukutisha majani, bugenvilia ikazubaa, na mdungusi ambao haukuambiwa lolote ukaongezeka shibiri nzima, ukagusa kioo, ukaanza kuinama. Bi Lanh alikuwa akipita anaukodolea macho.

"Hauna haya. Watu tuna msiba, wenyewe unanenepa."

"Haukuambiwa, Mama," Khue alijibu, pini mdomoni. "Ungejuaje?"

Baada ya hapo Tri akaanza kuja kila jioni, anazunguka zunguka pale chini, anapima kuta kwa macho. Alitaka sakafu ile afungue duka la chai ya maziwa ya barafu, ile wanayopenda wanafunzi. Hakusema "ondoka". Alisema mdungusi utavunja kioo, mvua itaingia, nyumba itaoza, hivyo lazima utolewe, na cherehani isogezwe kwa muda, na shemeji naye akapumzike kwao Ben Tre, maskini, amechoka. Khue alimwelewa vizuri sana. Mti ukitoka, anayefuata ni yeye. Hakuwa na mtoto wa kumshikia nafasi katika nyumba ile. Alikuwa na chumba hicho na wateja wake, basi, na kule Ben Tre mama yake alishafariki.

Ikafika siku ya mia tangu msiba, siku ya kukoma kilio. Ndugu wote walikuja, udi ukawaka mbele ya picha ya Toan, watu wakala wali wa kunata na nyama ya nguruwe iliyopikwa na mayai kwa maji ya dafu. Vyombo havijaondolewa, Tri akamwingiza fundi mwenye msumeno.

"Wewe endelea kunywa chai yako, shemeji. Tunaukata vipande, tunautoa, kwisha."

Khue akasimama kati ya fundi na chungu. "Mnakata cha nani?"

"Cha marehemu. Cha kaka ni cha familia."

"Cha marehemu! Haya. Shangazi, ile okidi ya plastiki imevaa nini?"

Shangazi akaitazama friji. "Kitambaa," alisema kwa aibu.

"Plastiki imevaa msiba. Mlimau umevaa. Mimi nimevaa, na ninyi nyote mmevaa. Huu mbona hauna? Semeni! Mama alisema nini mbele ya jeneza?"

Fundi akashusha msumeno, akatafuta pa kuangalia.

"Alisema si wa mwanawe, ni wangu. Mlisikia wote, hakuna aliyebisha, na wewe Tri ukacheka. Leo umegeukaje kuwa wa familia? Kwa sababu unataka kuuza chai?"

Tri akavimba. "Haya, wako! Uchukue basi, uondoke nao."

"Nitoke nao kwa mlango gani? Uliingia kama kidole, leo hautoki mzima." Khue akajipiga nyonga. "Hata mimi niliingia hapa na kiuno cha nyigu. Nitazame sasa. Mmenilisha wenyewe."

Shangazi akapaliwa na wali, na watu waliokuwa wakijizuia wakashindwa.

"Mnacheka!" Tri alifoka. "Na kioo je?"

"Kioo dawa yake kisu, si kumfukuza mtu. Naukata leo, mimi mwenyewe."

"Utaota tena."

"Utaota vichwa viwili pembeni ya kidonda, nami nitavikata. Kila mwaka baada ya Tet, nikiwa humu humu. Fundi, kaa hapo chini unipokelee vipande kwa kamba, na usiguse macho yako mpaka unawe."

Akachukua kisu, akakipangusa kwa pombe ya mchele. Akavaa glavu na miwani ya pikipiki ya Toan, akabeba matambara ya jinzi ya kuvingirishia shina lisimponyoke, akapanda hadi ghorofa ya juu na kuegemeza ngazi kwenye ukuta wa tundu. Alikuwa ameshaufunga mdungusi kamba Bi Lanh alipofika huko akihema, akajibwaga kwenye stuli.

"Toan alisema usikatwe."

"Toan alisema mengi, Mama. Alisema pia atarudi Jumapili."

Bi Lanh akainamisha kichwa.

"Kile kitambaa nilikuzuia kwa makusudi," alisema. "Nilitaka kitu kimoja humu kife naye. Kimoja tu. Kila nikiamka, kila kitu kizima. Cherehani yako inalia. Huo mti unakua. Mwanangu tu ndiye hayupo."

Khue akageuka pale juu, kisu mkononi. Alimwonea huruma mama yule, na hasira nayo haikuwa imemtoka.

"Hakitakuwa huu, Mama. Wala sitakuwa mimi. Nilimpenda mwanao, na sifi kwa sababu hiyo, na siondoki. Ukitaka kunichukia, nichukie nikiwa humu ndani."

"Mama!" Tri aliita kutoka chini. "Mwambie ashuke huyo!"

Bi Lanh akainuka. Akachukua kofia yake pana ya ukindu iliyokuwa ikining'inia ukutani, akaivaa, akaifunga kidevuni. Kisha akashika miguu ya ngazi kwa mikono yote miwili, akaegemea kwa uzito wake wote.

"Nyamaza huko chini!" alipaza sauti. "Mtu ana kisu!"

Halafu, bila kuinua uso, akamwambia Khue, "Kata. Na ukinidondoshea huo utomvu wako, utanitambua."