Mzabibu Mmoja, Kabuchai na Endebess

Nakumbuka asubuhi moja nilipoonja divai yangu ya kwanza huku Endebess kwenye baridi, nikaitema. Ilikuwa nyepesi, nyekundu ya kupauka, chachu kama limau. Mwanangu, mimi niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa polepole, kwa hiyo nivumilie.

Shangazi Nekesa, dada ya baba, ndiye aliyenilea kule Kabuchai kwenye joto. Nyuma ya jiko lake ulikuwa mzabibu wa zabibu nyeusi, na kila mwaka alikamua divai ya meza ya Bwana. Divai yake ilikuwa nzito, nyeusi kama zambarau iliyoiva, na ukimeza utamu unabaki. Nilipoolewa alinikatia kijiti, akakifunga kwa ganda la mgomba lenye unyevu. "Kitunze kama mtoto," akasema.

Nilikitunza miaka mitatu. Akina mama wa kanisa letu walikuwa wakiniuliza divai itatoka lini. Ilipotoka vile, niliona aibu kusema sijui kosa liko wapi. Nikamnong'oneza jirani, "Shangazi alinipa mti wa mwitu. Ule mzuri alijiwekea."

Ulimi hauna mfupa, na maneno yana miguu. Kabla ya Pasaka yalikuwa yamefika Kabuchai. Watu waliokuwa wamemwomba Shangazi vijiti wakaacha kwenda kwake, na kanisa lake likaanza kuuliza kama divai yake ni ya kweli.

Akaja mwenyewe. Hakuketi.

"Ati nilikupa mti wa mwitu, mama?"

Nikaangalia chini.

"Wewe uliniuliza? Mahindi je? Mbegu ni moja, kwetu tunavuna mapema, huku kwa ajili ya baridi mnangoja mpaka mchoke. Mbona hujasema duka la mbegu limekuibia?"

Akaomba panga, akakata tawi la mzabibu wangu, akalifunga, akaenda bila kunywa chai. Mgeni wa damu yako akiondoka bila chai, wewe unabaki na mzigo.

Ningeweza kumfuata barabarani. Sikumfuata. Niliona haya, mwanangu, na haya hiyo ikala miaka mingine mitatu.

Ndipo ikaja chupa kutoka Kabuchai, bila salamu. Nikaonja. Nzito, nyeusi, tamu mwishoni. Aliyeileta akasema ilitoka kwenye lile tawi, Shangazi alilipanda kwake, tawi la mti wangu niliouita wa mwitu.

Nikatuma watu wamwombe aje Jumapili. Alikuja, akakaa benchi la nyuma. Mimi, ambaye hata tangazo la kanisa sijawahi kusoma, nikasimama mbele na chupa mbili mikononi, yake na yangu.

"Nilisema uongo juu ya mtu aliyenilea," nikasema. "Mti ni mmoja. Ni udongo na baridi." Nikabaki nimesimama pale, chupa nimeziinua watu wazione.

Kutoka nyuma nikasikia sauti ya Shangazi, "Kaa chini, mwanangu. Umesimama vya kutosha."

Tulipotoka aliomba kikombe cha divai yangu. Akaizungusha mdomoni. "Hii yako inataka kunywewa na nyama," akasema. "Lakini unachuma mapema, si ndio? Usihesabu wiki za Kabuchai. Ngoja mpaka kikonyo kikauke." Siku hiyo alikunywa chai kwangu, vikombe viwili.

Tangu hapo nachelewa kuchuma. Divai yangu bado ni nyepesi, ina harufu kidogo ya pilipili, na siionei aibu.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Kunong'ona ndio ujinga. Jambo likikushinda, mwendee aliyekupa, umuulize usoni. Usimpime mtu wa baridi kwa mavuno ya joto. Na kama umemchafua mtu mbele ya watu, usimsafishe pembeni. Simama palepale mbele yao.

Mungu akupe mizizi popote utakapopandwa, na akuwekee mtu wa kukuambia ukae chini.